Ndama Aliyepewa Jina la Mama

Kegonga,
Jumapili, 16 Februari 2025.
Mwaka wa thelathini na mbili tangu nitoke Lambwe.

Kwa ndugu yangu Obare,

Misawa, omera, salamu ndugu yangu. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, kwa maana si ya kusomwa mtu akiwa amesimama. Goti lako je? Mama Wesley aliniambia kwamba tangu Novemba hulikunji vizuri, na kwamba unakataa fimbo kwa sababu ya fahari. Shika fimbo. Hakuna msichana anayekutazama tena. Huku sisi tu wazima. Mashamba yameshalimwa, yanangoja mvua ya Machi. Mama Bhoke anakusalimu. Kusema kweli alikataa nizitie salamu zake. Nimezitia mwenyewe, kwa sababu barua isiyo na salamu za mke ni kama nyumba isiyotoa moshi.

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha ambayo mimi na wewe hatukuitumia hata siku moja tulipokuwa tukichunga. Usidhani ni maringo. Binti yangu amesema ataisoma kabla sijafunga bahasha, na Dholuo yake ni ile aliyofundishwa na mtu mmoja tu, yaani mimi, kwa hiyo haijakomaa. Sababu ya pili ni kwamba kwa Dholuo ningekutukana. Kiswahili kinanilazimisha niipange hasira yangu.

Jumanne ulinipigia simu ukaniuliza nitakuja lini kujenga, maana mpimaji wa ardhi anataka siku. Nikakata. Baadaye ulimwambia Mama Bhoke kwamba mtandao wa Kuria ni mbaya. Mtandao wetu ni mzuri, Obare. Nilikata kwa sababu uliuliza kana kwamba siku ile ya Oktoba haikuwapo. Najua ulikuwepo. Lakini ulikuwa ukicheka, na mtu anayecheka haoni vizuri. Kwa hiyo nitakusimulia ulichokitazama.

Nianze na Septemba, uliponiambia kwamba wazee wamekaa na wamekubali. Kwamba sehemu yangu bado ipo, ile ya juu ya kijito. Na kwamba binti yangu Bhoke naye atapewa jina lake la ukoo mbele ya watu. Nililia. Sijawahi kukuambia. Nilikwenda nyuma ya zizi ili mke wangu asinione. Kesho yake nikanunua shoka jipya, nikampelekea fundi alitie mpini wa mti mgumu, nikatafuta jogoo mwekundu mwenye sauti. Mtu wa kwetu haendi kufungua mji wake, yaani kuanzisha boma lake, mikono mitupu: jogoo na shoka hutangulia, mke hufuata na moto. Sina mwana wa kiume wa kunibebea shoka, lakini ulisema Wesley wako atalibeba, nami nikafurahi kwamba ni Wesley.

Na jina. Wewe ulikuwa kijana wakati ule, labda umesahau. Mimi sijasahau. Bhoke alizaliwa katika nyumba ya mama, mweupe kama maziwa, nywele zake rangi ya majani ya kiangazi. Alilia tangu alipozaliwa, bila kulala. Kwetu mtoto anayelia hivyo anadai jina. Bibi hukaa naye, huwaita marehemu wetu mmoja mmoja, na jina litakalomnyamazisha hadi akashika titi ndilo lake; marehemu huyo amerudi nyumbani. Mama alikaa. Kisha akakunja mikono. Akasema hatawasumbua wafu kwa kuwaita waingie katika ngozi wasiyoijua. Shangazi zetu wakaitikia. Yakaanza maneno ya chira, ile laana ya kuvunja mwiko, na mke wangu, mtoto wa Kikuria aliyekuwa bado hajapona uzazi, akaulizwa ni mwiko gani aliouvunja. Na baba mdogo, ambaye simtaji kwa kuwa naye ameshakufa, akashauri mtoto apelekwe mahali ambapo hataonekana. Hapo ndipo nilipofunga mizigo. Ulinibebea sanduku hadi barabarani, ukaliweka chini, ukarudi bila kuniaga. Huku Kegonga mama mkwe wangu alimpokea mtoto mlangoni, hakumtazama mara mbili, akampa jina lake mwenyewe. Bhoke. Mtoto akalala.

Mama alipokufa nilikuja kumzika, nikatupa udongo wangu, nikarudi. Sikumwekea kinyongo mama. Nilijiambia kwamba aliogopa, na mtu mwenye hofu hana adabu. Nilichokitaka, miaka yote hii, ni kwamba siku moja mtu mmoja wa damu yangu atasimama katika uwanja ule na kusema kwamba mtoto huyu alikuwa wetu tangu mwanzo. Ni hilo tu. Sikutaka ardhi. Ardhi ninayo.

Basi Oktoba tukaja: mimi, mke wangu na jiko lake la makaa, Bhoke na tumbo lake la miezi sita, na jogoo akilalamika njia nzima. Na kitu cha kwanza tulichokiona langoni kwako kilikuwa bango. Uso wa binti yangu, mkubwa kuliko mlango, ukiwa katikati ya simba mweupe na tausi mweupe. Wesley alikuwa ameitoa picha ile kwenye ukurasa wa Bhoke mtandaoni, ile aliyopigwa mbele ya duka lake la dawa za mifugo, akalikata duka, akaliacha tabasamu. Chini yake yameandikwa: LAMBWE NYEUPE, NJOO UONE MAAJABU. Bhoke alishuka garini, akaishika kofia yake pana, akalitazama bango kwa muda. Kisha akaniuliza polepole kama nilijua. Je, unajua ilivyo mtoto wako kukuuliza hivyo?

Wesley akaja mbio, mikono wazi. Akamwambia, “Sista, karibu nyumbani! Hii kitu yote ni wewe. Wewe ni rea, adimu, unajua? Rea kabisa!” Sisemi kwamba mwanao ana roho mbaya. Angekuwa na roho mbaya barua hii ingekuwa fupi. Ana miaka ishirini na minne, ni mchangamfu, anampenda dada yake ambaye hakuwahi kumwona, na hakuna mtu mzima hata mmoja katika mji ule aliyemwambia ni nini kilichotokea humo kabla hajazaliwa. Hilo si kosa lake. Ni lako.

Mkatukalisha ndani, akaunganisha simu yake na runinga, akatuonyesha bustani yake. Nilisikiliza kwa makini, kwa sababu mimi ni mtu wa kusoma na napenda kujua kitu kabla sijakichukia. Ni mchezo. Unapewa ardhi, unajenga mabanda, unanunua wanyama, wanazaana, na wageni wa kuchora wanakuja kuwatazama. Mara moja katika nyingi anazaliwa mnyama mweupe mwenye macho ya waridi, na nyota inawaka juu ya kichwa chake, na wageni wanaacha twiga na tembo na kumkimbilia yeye. Nilimuuliza Wesley anawapataje wengi hivyo. Akaeleza kwa furaha: ukimpata mmoja, humwachi azae na mgeni; unamrudisha kwa kaka yake, au kwa baba yake, au kwa mwanawe, mpaka rangi ikae. Nikamuuliza ndugu zake wa kawaida wanakwenda wapi. “Hao nauza, baba mkubwa. Wanajaza tu nafasi.” Akabonyeza, na kundi zima la watoto wa kahawia likatoweka kwenye kioo kama vumbi lililopanguswa. Nikamuuliza hao weupe wanaishi muda gani. Akakuna kichwa, akasema si sana, wengine hawazai kabisa, damu yao imechoka. Lakini mchezo unakupa wengine.

Ningeyameza hayo. Mchezo ni mchezo, na sisi wenyewe tuliwapiganisha siafu. Lakini juu ya kila mnyama palikuwa na jina, nami nikavaa miwani. Wesley aliwaita kwa majina ya marehemu wetu. Alisema alitaka bustani iwe na ladha ya nyumbani, na kwamba wewe ndiwe uliyemtajia. Babu Ogutu alikuwa simba dume. Na yule jike mwenye nyota kubwa kuliko wote alikuwa Akeyo.

Akeyo, Obare. Mama yetu, Akeyo nyar Kanyamwa, binti wa Kanyamwa. Sisi ambao mtu akitaka kuoa wazee huhesabu nyuma hadi kwa bibi za bibi, na wakikuta tone moja la damu posa inakufa hapo hapo. Sisi tulikuwa tumekaa kwenye makochi, na sambusa mkononi, tukimtazama mama yetu akiozwa kwa mwanawe ili rangi ikae. Wewe ulisema, “Huyu kijana ana akili ya biashara.” Nilikutazama nione kama unatania.

Kisha ukatuongoza nyuma ya nyumba kwa fahari, kwenye bustani ya kweli. Mbuzi weupe, sungura weupe, kanga weupe, punda mmoja ambaye nashuku alikuwa amepakwa chokaa. Wesley alinieleza mpango: wageni wanaokwenda mbuga ya Ruma wapite kwanza kwenu. Hebu nikuulize. Ndani ya Ruma, nyuma tu ya ua wenu, anaishi korongo, yule wa jamii ya swala, mnyama ambaye nchi nzima imebaki naye hapo tu. Ana rangi ya nyasi kavu na hajali kutazamwa. Huyo ndiye adimu wa kweli. Katika mji wako hamna hata picha yake. Mnatafuta maajabu kwa kupaka punda chokaa.

Na hapo, juani, saa saba mchana, amefungwa kwenye kigingi pasipo hata kivuli cha ukuta, alikuwa ndama jike. Huyu hakupakwa kitu. Alizaliwa hivyo katika zizi lako: manyoya meupe, kwato nyeupe, macho ya waridi yakitetemeka kama ya mtu anayetafuta herufi. Pua yake ilikuwa imebabuka hadi nyama. Masikio yalikuwa na vidonda. Alikuwa akijaribu kuingiza kichwa chini ya tumbo lake mwenyewe. Na wewe, ndugu yangu wa tumbo moja, ukampiga kofi mgongoni na kuwaambia majirani waliokusanyika, ukicheka, “Huyu sasa ndiye Akeyo mwenyewe. Mama amerudi, tena mweupe!”

Watu wakacheka. Shangazi mmoja, aliyekuwa pale siku ya kukunjwa mikono, alicheka hadi akafuta machozi.

Nataka uelewe ni nini kilichoniuma. Binti yangu alinyimwa jina la ukoo kwa sababu ya ngozi yake. Nyinyi mkalichukua jina la yule aliyemnyima, mkampa ng'ombe, kwa sababu ya ngozi yake. Ng'ombe wa baba yetu waliitwa kwa rangi zao au kwa miji walikotoka. Hata katika njaa hatukuwahi kumwita mnyama kwa jina la aliyezikwa. Na baada ya chakula, mbele ya ndama huyo, ndipo mlipopanga kumsimamisha Bhoke na kumpa naye jina, picha ikipigwa.

Unakumbuka nilisimama tu na jogoo kwapani, na Wesley akaniuliza kwa upole kama sikuweza kupata mweupe. Aliyetenda ni Bhoke. Alifungua mkoba wake, akatoa mafuta yake ya kukinga jua, ambayo hata mimi haniruhusu niyaguse, akapiga magoti na tumbo lake, akampaka ndama puani na masikioni, taratibu, akimsemesha kwa Kikuria. Wesley aliinua simu apige picha. Bhoke hakumkataza. Alipomaliza alitembea hadi langoni, akapanda juu ya jiwe, akalifungua bango kamba moja baada ya nyingine, akarudi nalo, akalitundika juu ya ule mti wa kigingi na ukingo wa boma. Uso wake ukawa kivuli. Ndama akaingia chini yake, akakunja miguu, akalala. Bhoke akajipangusa mikono, akamwambia Wesley kwamba sasa picha imepata kazi, akaingia garini.

Ulinifuata ukasema binti yangu ana hasira za Kikuria. Hasira zile ni zangu. Nilikuwa nimezitunza muda mrefu, yeye akazitumia vizuri kuliko mimi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sikukuambia kwenye simu, na ambalo limenichukua mwezi mzima kulikubali.

Bhoke alijifungua mwezi wa Januari, hapa Kegonga, msichana. Ni mzima. Ukitaka kujua rangi yake, na najua unataka, sitaiandika, uje umtazame. Tangu siku ya pili mtoto alianza kulia. Mama mkwe wa Bhoke, yaani mama wa mumewe Nyamhanga, alikaa na mtoto, kwa kuwa hata Wakuria huwakumbuka wafu wao kwa njia hiyo. Akawaita wa upande wao wote, kwa heshima, bila haraka. Mtoto alilia. Mama Bhoke akawaita wa upande wake. Mtoto alilia. Mimi nilikuwa nimeketi karibu na mlango, na hakuna aliyeniuliza, na mimi sikuwa na nia ya kusema. Nilikuwa nikimsimulia Nyamhanga, kwa mara ya kumi labda, habari za lile zizi lako. Nilikuwa nimewaka. Nikapandisha sauti, nikasema, eti mtu mzima anamwita ndama Akeyo!

Mtoto akanyamaza.

Kisha akaanza tena kulia. Bhoke akaniambia, “Rudia, baba.” Nikakataa. Akaniambia tena. Nikalisema lile jina kwa sauti ndogo, nikitumaini halitasikika, na mjukuu wangu akageuza kichwa, akalishika titi, akanyonya hadi akasinzia.

Nilitoka nje. Nilimwambia Bhoke dirishani kwamba hapana, kwamba sitaruhusu. Mwanamke yule alikukatalia wewe, nikamwambia, alikunja mikono ukilia mbele yake, na sasa aingie nyumbani mwako, anyonye kwako, abebwe mgongoni kwako? Nilisema mengi. Bhoke aliniacha nimalize. Kisha akasema kwamba yeye ndiye aliyenyimwa, si mimi; kwa hiyo ni juu yake kuamua kama kunyima kuendelee. “Amekuja mwenyewe,” akasema. “Amelia mlangoni kwangu. Mimi simfungii mtu.”

Obare, nilikuwa nimekunja mikono. Niliiona nilipotaka kuipangusa pua. Nilikuwa nimeikunja kama mama alivyoikunja, mkono wa kulia juu.

Nikaifungua, nikaingia, nikampokea mtoto. Anaitwa Akeyo. Nilimwita mara tatu kama inavyotakiwa, mbele ya watu, katika nyumba ya mwanamke asiyepewa jina na ukoo wetu, na hakuna aliyepiga picha.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza, mjengeeni yule ndama banda la giza, atolewe alfajiri na jioni tu. Bhoke amenituma nikwambie, na dawa ya macho anaileta mwenye gari la Karungu Ijumaa. Si maajabu, ni mgonjwa wa jua. La pili, mbadilishieni jina, na yule simba wa kwenye simu pia. Mwambie Wesley bila ukali. Mwambie na habari ya siku ile ya kwanza, yote, wewe mwenyewe kwa mdomo wako, pamoja na sanduku. Akishaijua, aje Kegonga amwone dada yake. Atakaribishwa kabla yako.

Mwambie mpimaji asitenge siku. Jogoo yuko hapa na ana wake watatu. Lile shoka Nyamhanga anapasulia kuni za uji wa mzazi. Mlisema mama amerudi, na kweli amerudi, ila hakurudi kwenu. Kaburi la pale Lambwe lilimieni magugu, mimi nimeshika miguu yake midogo hapa na ina joto.

Msalimie Mama Wesley, na wale wazee waliokaa, na shangazi aliyecheka, kila mmoja kwa kiasi chake. Shika fimbo, omera.

Mimi sitarudi.

Ndugu yako,
Oyaro, babu yake Akeyo